Usiishie kwenye mstari, soma kitabu kizima

Mstari wa Yeremia 29:11 unajulikana kuliko Yeremia mwenyewe. Umeandikwa kwenye vioo vya daladala na matatu, kwenye kalenda za kanisa, kwenye kadi za harusi na za mahafali, na kila Januari unarudi katika mahubiri ya mwaka mpya. Watu wanaupenda kwa sababu unasema Mungu anawawazia watu wake mema na kuwaandalia tumaini, na hakuna kosa kuupenda. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumeupokea peke yake. Hatujui barua ile iliandikiwa akina nani, ilipelekwa wapi, wala mstari wa 10, ulio juu yake tu, unasema nini. Ninaloliomba kwa msomaji wa makala haya ni jambo moja: asome Biblia kitabu kwa kitabu, kutoka mwanzo wa kila kitabu hadi mwisho wake, na mstari mmoja mmoja aushike baada ya hapo. Naamini hili ndilo badiliko moja ambalo, likifanyika katika maisha ya Mkristo wa kawaida, litamfaa kuliko semina nyingi.

Tuanze na huo huo mstari. Sura ya 29 ya Yeremia ni barua iliyotoka Yerusalemu kwenda Babeli, kwa watu waliochukuliwa mateka na Nebukadneza pamoja na mfalme wao Yekonia, yapata mwaka 597 kabla ya Kristo. Wakati huo alikuwepo nabii mwingine, Hanania, na habari zake ziko katika sura ya 28. Hanania aliwaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili tu vyombo vya hekalu vingerudi, mfalme angerudi, na nira ya Babeli ingevunjwa. Yeremia akaandika kinyume chake. Aliwaambia mateka wajenge nyumba huko huko, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji uliowateka na kuuombea, wala wasiwasikilize manabii wanaowadanganya. Kisha, katika mstari wa 10, akataja muda: miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua hiyo ikisomwa alijua kwamba yeye atazikwa Babeli. Ndipo ukaja mstari wa 11.

Ukishayajua hayo, je, faraja ya mstari ule imepungua? Mimi naona imeongezeka. Aliyeupokea kama ahadi ya kazi mpya kabla ya Juni atavunjika moyo Juni ikifika bila kazi, na pengine ataanza kuamini kwamba Mungu amemsahau au kwamba imani yake ni hafifu. Aliyesoma barua nzima ameshaambiwa kwamba mema ya Mungu yaweza kuchukua muda mrefu kuliko umri wake, na kwamba wakati wa kungoja anatakiwa kufanya kazi, kulea watoto na kuombea mji anaoishi. Huyo hata akingoja miaka mingi, hakuna kilichomshangaza. Na ataona jambo lingine la kutisha kidogo: katika kitabu hiki ahadi ya upesi ilitoka kinywani mwa Hanania, na Hanania ndiye aliyekuwa mwongo.

Ni vizuri kujua pia kwamba namba tunazozitegemea kiasi hiki si sehemu ya Maandiko. Yeremia hakuiita barua yake sura ya 29, na Paulo hakuhesabu mistari alipokuwa akiwaandikia Wafilipi. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo unahusishwa na Stephen Langton, mwalimu wa Paris aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na kufariki mwaka 1228. Waandishi wa Kiyahudi walikuwa wameshatenga sentensi za Agano la Kale kwa ajili ya usomaji, lakini namba za mistari ya Agano Jipya tunazozifuata zilitolewa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Maana yake ni kwamba kwa takriban miaka 1,500 ya mwanzo, waamini waliusikia Waraka kwa Warumi bila mstari hata mmoja wenye namba. Namba zimetusaidia sana kupata mahali, sawa na anwani ya nyumba, ila hakuna anayeifahamu familia kwa kukariri anwani yake. Waraka ulikuwa ukisomwa mbele ya kusanyiko zima. Paulo anawaagiza Wathesalonike kwa mkazo kwamba barua yake isomwe kwa ndugu wote (1 Wathesalonike 5:27), na anawaambia Wakolosai wakimaliza kuisoma yao wabadilishane na ya Laodikia (Wakolosai 4:16).

Ushahidi mzito zaidi uko jangwani, katika sura ya 4 ya Injili ya Mathayo. Ibilisi anamwendea Yesu akiwa na mstari mkononi. Anaunukuu kutoka Zaburi ya 91, na maneno yake ni ya Biblia kweli. Anachokifanya ni kuyang'oa mahali pake: zaburi inayozungumza juu ya mtu aliyejisitiri kwa Mungu anaigeuza kuwa ruhusa ya kumjaribu Mungu kwa kujitupa kutoka juu ya hekalu. Sasa tazama Yesu anavyojibu. Majibu yake matatu yote yanatoka Kumbukumbu la Torati, kati ya sura ya 6 na ya 8, na sehemu hiyo ya kitabu inawakumbusha Waisraeli miaka 40 ya jangwani, njaa yao, mana, na siku walipomjaribu Mungu kule Masa. Yesu yuko jangwani, amefunga siku 40, ana njaa. Hakuokota mistari mitatu iliyotawanyika. Alikuwa na kitabu kile moyoni, akakitumia mahali kinapohusika hasa. Hapo pana njia mbili za kutumia Maandiko, na Mathayo ameziweka uso kwa uso ili tuchague.

Katika makanisa yetu uchaguzi huo una matokeo. Chukua mstari wa Zaburi 105:15, ule unaokataza kuwagusa watiwa mafuta wa Bwana na kuwadhuru manabii wake. Mara ngapi umetumika kumnyamazisha mwamini aliyeuliza hesabu za fedha za kanisa, au mama aliyelalamika kwamba mtumishi amemkosea binti yake? Soma zaburi yenyewe kuanzia mstari wa 12. Inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wanaohama taifa hadi taifa bila ulinzi, na Mungu akiwakemea wafalme ili wasiwadhuru. Kisha fuata tukio lenyewe katika Mwanzo sura ya 20. Humo Ibrahimu anaitwa nabii, na Mungu anamwonya mfalme Abimeleki asimguse mke wa Ibrahimu. Lakini humo humo Abimeleki anamwita Ibrahimu na kumkemea waziwazi kwa uongo aliousema, na Maandiko hayamlaumu mfalme kwa kukemea. Nathani alimkemea Daudi mtiwa mafuta. Paulo alimpinga Petro mbele ya watu kule Antiokia, kama anavyoeleza katika Wagalatia sura ya 2. Anayeisoma Biblia nzima hawezi kuamini kwamba kiongozi wa kanisa haulizwi swali.

Mfano wa Malaki unagusa mifuko. Kila anayekwenda kanisani anaijua sehemu ya zaka katika sura ya 3, na simwambii mtu yeyote aache kutoa. Nasema kwamba kitabu kina sura 4 tu, na kabla ya kufika kwenye zaka nabii amewakemea makuhani kwa kutoa wanyama vipofu na vilema na kwa kuwapotosha watu. Amewakemea waume waliowasaliti wake wa ujana wao. Na katika 3:5 Mungu anajitangaza kuwa shahidi dhidi ya wanaomdhulumu kibarua ujira wake, mjane na yatima. Ukienda Kumbukumbu la Torati 14:28-29 unakuta zaka ya mwaka wa tatu inalisha Walawi, wageni, yatima na wajane mpaka washibe. Kanisa linalohubiri aya ya zaka peke yake limekata sehemu inayolihoji lenyewe: linamlipaje mlinzi wake, na wajane wa mtaa wake wanakula nini?

Na kuna mahali ambapo mafundisho yaliyong'olewa kwenye Maandiko yameua. Mwaka 2023 maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya. Kwa maelezo ya mamlaka na ya manusura, watu waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na watoto walikuwa miongoni mwao. Siwezi kusema kwamba daftari la kujifunzia Biblia lingewaokoa wote; watoto hawakuwa na la kuchagua, na hofu na umaskini vina nguvu zake. Lakini kila Mkristo mzima anapaswa kujua Biblia inasema nini juu ya kufunga. Isaya sura ya 58 inaeleza kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kuwafungulia waliodhulumiwa na kumgawia mwenye njaa chakula. Katika 1 Samweli sura ya 14, mfalme Sauli analiapisha jeshi lisile kitu mpaka jioni. Wanaume wanazimia kwa uchovu, mwanawe Yonathani anakula asali na kusema wazi kwamba baba yake ameisumbua nchi, na Sauli anapotaka kumwua kwa kuvunja agizo, ni watu wa kawaida wanaosimama na kumkomboa. Sura hiyo haisomwi mara nyingi kwenye mifungo yetu. Ingesomwa.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, na linatolewa na watu wenye moyo safi: Roho Mtakatifu ndiye mwalimu, kwa hiyo elimu ya nini? Mtu anafungua Biblia kwa maombi, anaweka kidole, na Bwana anasema naye. Ni kweli Roho ni mwalimu. Lakini ahadi yenyewe, katika Yohana 14:26, inasema Roho atawakumbusha wanafunzi yale Yesu aliyowaambia, na asiyewahi kusikia hana cha kukumbushwa. Mtazame Danieli. Hapana shaka alikuwa mtu wa Roho, mtu wa ndoto na maono. Hata hivyo sura ya 9 inaanza na Danieli akisoma vitabu, akagundua kutoka kwa nabii Yeremia kwamba uharibifu wa Yerusalemu ungechukua miaka 70. Ni hesabu ile ile ya barua tuliyoanza nayo! Alipoielewa akafunga, akaomba moja ya sala ndefu za toba katika Biblia. Usomaji wake ndio uliozaa maombi yake. Luka naye anasema mwanzoni mwa Injili yake kwamba alichunguza mambo yote kwa uangalifu kabla ya kuandika, na Paulo akiwa gerezani anamwomba Timotheo amletee vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Hawa hawakuona ugomvi wowote kati ya Roho na bidii ya akili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu lina historia upande wake. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliosambaa kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi, ulikuzwa na watu waliosoma Biblia kwa kufuata mada. Mwaka 1929, mjini Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa na Biblia wakifuatilia marejeo yanayomhusu Roho Mtakatifu, kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Je, hao walikosea? Hapana, na sipingi kusoma kwa mada. Nasema inakuja ya pili. Anayefuata marejeo akiwa anavijua vitabu anavyopita ndani yake anaunganisha mambo yanayoungana; asiyevijua anaunganisha chochote chenye neno moja linalofanana. Na zaidi, wale wawili walifanya kazi ambayo mstari wa siku kwenye simu haudai: walikaa, wakaruka kurasa, wakapima andiko kwa andiko, wakawa tayari kutubu walipojikuta wamehukumiwa na walichokisoma.

Wapo watakaosema kwamba padre au mchungaji yupo, amesomea, na mwamini akijisomea ataangukia uzushi. Hofu hii ina msingi. Waraka wa pili wa Petro unakiri kwamba katika barua za Paulo kuna mambo magumu ambayo watu hupotosha. Lakini dawa yake si kufunga kitabu. Waberoya katika Matendo 17:11 wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili kuona kama aliyosema Paulo ni kweli, na mhubiri waliyemchunguza alikuwa mtume. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati yake Dei Verbum ya mwaka 1965 uliwahimiza waamini wote, si mapadre tu, wasome Maandiko mara kwa mara, na jumuiya ndogo ndogo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970 zimekuwa mahali pa kuyasoma pamoja. Kusoma binafsi hakumaanishi kusoma kwa upweke. Yule towashi Mwethiopia wa Matendo sura ya 8 alikuwa akisoma Isaya mwenyewe garini mwake, na alipokwama hakuona haya kumwomba Filipo apande aketi naye. Tena angalia alichouliza: nabii anazungumza habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine? Swali zuri la namna hiyo huulizwa na mtu ambaye ameshasoma.

Basi, kwa vitendo. Chagua kitabu kifupi na ukisome chote kwa kikao kimoja. Waraka kwa Wafilipi unafaa sana kuanzia: una sura 4 na mistari 104. Mara ya kwanza usipige mstari wala kuandika chochote. Soma kama barua, kwa sauti ikiwezekana. Siku ya pili usome tena ukiwa na daftari, na ujibu maswali matatu kwa kutumia barua yenyewe: nani anaandika na yuko wapi, anawaandikia akina nani, na kuna jambo gani lililomfanya aandike. Utagundua kwamba Paulo yuko kifungoni (1:13), kwamba Epafrodito aliyetumwa kwake aliugua karibu kufa (2:25-30), kwamba kanisani kuna wanawake wawili, Euodia na Sintike, wasiopatana (4:2), na kwamba sehemu ya mwisho ni shukrani kwa msaada uliotumwa. Sasa ukifika 4:13, mstari wa wanamichezo na wafanyabiashara, utaona kwamba mambo anayoyaweza Paulo ameyataja mistari iliyotangulia: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Nguvu ile alipewa ili avumilie bila kubadilika. Mgonjwa wa muda mrefu, au mzazi aliyekosa ada, ana sababu ya kuushika mstari huo kuliko bingwa yeyote.

Siku zinazofuata chukua aya moja moja. Kila unapokuta "kwa hiyo", "kwa maana" au "basi", simama uulize kinachounganishwa na kilichotangulia. Kama unayo Biblia ya Union Version, ile iliyotoka mwaka 1952, tafuta pia Biblia Habari Njema, iliyoandaliwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, usome kifungu kile kile katika zote mbili; zinapotofautiana sana, ujue pana jambo la kumwuliza mchungaji au katekista. Angalia marejeo yaliyo chini ya ukurasa au pembeni. Itifaki ya Biblia, yaani orodha ya maneno na mahali yanapopatikana, na kamusi ya Biblia ni vitabu vya kununua pole pole, hata kwa kuchangiana watu kadhaa. Maswali usiyoyaweza yaandike mwisho wa daftari, wala yasikuzuie kuendelea. Na malizia kila kikao kwa sala inayotokana na ulichosoma, kwa sababu anayejifunza neno la Mungu bila kumjibu Mungu ameishia njiani.

Baada ya Wafilipi nenda kwa Yona, kisha Ruthu, kisha Injili ya Marko yote, ambayo kwa sauti inaweza kumalizika jioni moja. Halafu Amosi, usikie Mungu anavyozungumza juu ya mizani ya udanganyifu. Sishauri kuanza na mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka. Kwa wanaotumia vitabu 66 ni sura 1,189, yaani sura 3 au 4 kila siku, na watu wengi hukwama Mambo ya Walawi mwezi Februari, kisha wanajiona wameshindwa. Vitabu 10 vilivyoeleweka katika mwaka ni mavuno makubwa. Asiyeona vizuri, au asiyejua kusoma, hajaachwa nje: wengi wa waamini wa kwanza walipokea Maandiko kwa masikio, na Ufunuo 1:3 unawabariki wanaosikia sawa na anayesoma. Mjukuu anaweza kumsomea bibi, na Biblia ya sauti inapatikana kwenye simu.

Kwa wachungaji, mapadre, wainjilisti na wazee wa kanisa nina ombi moja. Jumapili moja katika miezi mitatu, punguzeni matangazo, mwacheni msomaji mzuri asimame na kuwasomea watu waraka mmoja mzima, kama Paulo alivyoagiza ufanyike. Wafilipi haumalizi nusu saa.